Kutoka Msomaji hadi Mwandishi: Historia ya Wanaoanza Kuandika Kurasa za Wavuti (1989–2014)

0. Utangulizi

Historia ya maandishi husimuliwa mara nyingi kwa kufuata vyombo: kalamu, mtambo wa kupigia chapa, taipureta, kompyuta. Njia hiyo ina faida yake, lakini huacha pembeni swali lililo kubwa zaidi: ni nani aliyeruhusiwa kuandika, na alijifunza wapi? Insha hii inakusudia kulifuata swali hilo katika chombo kimoja kilichozaliwa mwishoni mwa karne ya ishirini, yaani wavuti, inayojulikana duniani kwa jina la World Wide Web.

Hoja inayotetewa hapa ni fupi. Mtu asiye fundi aliweza kutengeneza ukurasa wake na kuutangaza kwa sababu ya masharti manne: lugha nyepesi ya kuandikia, maandishi ya ndani yanayoonekana kwa kila mtu, mashine inayosamehe makosa, na mahali pa kuuweka ukurasa bila malipo makubwa. Hakuna hata sharti moja lililojitokeza lenyewe. Kila moja lilitokana na uamuzi au desturi ya watu. Na kila lilipodhoofika, yule aliyekwisha kuwa mwandishi alirudishwa kwenye benchi la wasomaji. Jambo hili lawahusu wanaokitumia Kiswahili katika Kongo, kama itakavyoonekana mwishoni.

1. Chombo cha kusomea kilichokuwa chombo cha kuandikia

Mwezi wa Machi 1989, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, aliwapelekea wakuu wake pendekezo la kupanga habari za maabara. Shida ilikuwa ya kawaida kabisa. Watafiti walikuja, wakakaa miaka michache, wakaondoka na maarifa yao. Hati zilibaki katika kompyuta za aina mbalimbali zisizoelewana. Mkuu wake, Mike Sendall, aliandika juu ya hati hiyo kwamba wazo halikuwa wazi, lakini lilisisimua. Mwaka 1990 Robert Cailliau, Mbelgiji, alijiunga naye katika kuitetea kazi hiyo.

Mwishoni mwa mwaka huo wa 1990 mambo ya msingi yalikuwa yamekamilika: anwani ya kila hati, kanuni ya kuipeleka hati kutoka kompyuta moja hadi nyingine, lugha ya kuiandika, na programu ya kuisoma. Hapo pana jambo ambalo wanahistoria wengi hulipita upesi. Programu ile ya kwanza haikuwa ya kusomea tu. Aliyeifungua aliweza kusoma ukurasa, kuusahihisha, kuandika mwingine, na kufunga kiungo kati ya huu na ule, yote katika dirisha moja. Msomaji na mwandishi walikuwa mtu mmoja.

Lakini programu hiyo ilitumika katika kompyuta za NeXT tu, ambazo zilikuwa ghali na chache. Ili wavuti iweze kufika mbali, Nicola Pellow, mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza, aliandika kivinjari kingine chepesi kilichoweza kufanya kazi karibu katika kila kompyuta. Kivinjari hicho kilionyesha maandishi matupu, mstari kwa mstari, na kilisoma tu, hakikuandika. Hivyo wavuti ilipata wasomaji wengi kwa kupoteza waandishi. Mwaka 1993 Mosaic, kivinjari kilichotengenezwa na Marc Andreessen na Eric Bina katika kituo cha NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwavuta watu wengi kwa kuonyesha picha na maandishi katika ukurasa mmoja. Nacho pia kilikuwa cha kusomea.

Uamuzi mwingine wa mwaka huo ulikuwa wa upande wa pili. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu za wavuti ni mali ya umma na kwamba yeyote aweza kuzitumia bila kulipa. Mlango wa chombo ulifungwa nusu, lakini mlango wa haki ulifunguliwa wote.

2. Lugha ya alama

Lugha ya kurasa za wavuti ni HTML. Kwa asili yake si lugha ya programu bali ni mfumo wa kutia alama: mwandishi huandika maneno yake kama kawaida, kisha huonyesha kwa alama kila sehemu ni kitu gani. Nasaba yake ni ndefu kuliko wavuti yenyewe. Mwaka 1969, katika kampuni ya IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walibuni mfumo wa alama kwa ajili ya hati za kazi. Kutoka humo ilizaliwa SGML, iliyokubaliwa kuwa kigezo cha kimataifa mwaka 1986. CERN ilikuwa tayari ikitumia aina moja ya SGML kwa hati zake, na Berners-Lee aliazima alama nyingi kutoka humo ili wenzake wasione ugeni.

Hati ya mwaka 1991 iliyoeleza alama hizo ilikuwa fupi. Alama zenyewe hazikufika hata nyingi za kujaza ukurasa mmoja wa daftari. Zilikuwamo alama za kichwa, za aya, za orodha, na ile iliyo muhimu kuliko zote, alama ya kiungo. Mfano mdogo watosha kuonyesha jinsi zinavyofanya kazi leo:

<h1>Mji wetu</h1>
<p>Mji huu ulijengwa kando ya <a href="mto.html">mto</a>.</p>

Alama ya kwanza yasema: haya ni maneno ya kichwa. Ya pili yasema: hii ni aya. Ya tatu yasema: anayeligusa neno «mto» apelekwe kwenye faili iitwayo mto.html. Katika mfano huu kila alama hufunguliwa na kufungwa, na mkwaju mmoja tu ndio unaotofautisha mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mtu ajuaye kusoma na kuandika aweza kuuelewa mfano huu kabla ya chakula cha mchana.

Kwa mwanaisimu, la kuvutia zaidi ni kwamba alama hizo zilieleza kazi ya maneno, si sura yake. «Hiki ni kichwa» si sawa na «maneno haya yawe makubwa na meusi». Mambo ya sura, yaani rangi, upana na aina ya herufi, yalitengewa lugha nyingine, CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kukubaliwa rasmi mwezi wa Desemba 1996. Utengano huo, unaofanana na ule wa sarufi na mtindo, ulimsaidia anayeanza: aliweza kuandika ukurasa sahihi kwanza, akaupamba baadaye.

3. Shule isiyo na mwalimu

Berners-Lee ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1999 kwamba hakutarajia watu waziandike alama za HTML kwa mkono. Alidhani programu ingezificha, kama vile taipureta inavyoficha vyuma vyake. Ilivyotokea ni kinyume. Kwa kuwa vivinjari vilivyoenea havikuwa na sehemu ya kuandikia, watu walizichukua alama zenyewe, wakazifungua katika programu nyepesi ya maandishi, wakajifunza. Upungufu uligeuka kuwa shule.

Shule hiyo ilikuwa na vitabu vyake. NCSA ilitoa mwongozo wa HTML kwa wanaoanza, uliosomwa sana katika miaka ya 1990. Mwaka 1995 Laura Lemay alichapisha kitabu kilichoahidi kumfundisha msomaji kuandika kurasa katika juma moja. Mwaka huo huo Stefan Münz alianza mwongozo wake kwa Kijerumani. Kwa wasomaji wa Kifaransa, wakiwemo wanafunzi wa Kongo, tukio la kukumbukwa ni la mwaka 1999. Mathieu Nebra, mvulana Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1985, aliona kwamba vitabu vya HTML vilivyokuwapo vilimpita kimo. Akaamua kuandika masomo yake mwenyewe kwa ajili ya watu wasiojua kitu, na akayaita Le Site du Zéro. Masomo hayo yalikua hadi kuwa taasisi ya mafunzo iitwayo OpenClassrooms mwaka 2013. Mwanafunzi aliyetoka kujifunza jana alikuwa mwalimu wa leo, na bado alikumbuka ni wapi alipokwama.

Hata hivyo, mwalimu mkuu hakuwa kitabu. Mosaic na vivinjari vilivyofuata vilikuwa na amri ya kuonyesha chanzo, yaani maandishi ya ndani ya ukurasa wowote pamoja na alama zake. Anayeanza alipoona ukurasa uliompendeza, aliufungua kwa ndani, akaona jinsi orodha ilivyopangwa, akanakili, akabadilisha maneno, akatazama tokeo. Ndiyo njia ya fundi na mwanagenzi katika karakana: mtoto hafundishwi nadharia ya kiti, hukaa karibu na anayekiunda. Tofauti ni kwamba hapa fundi hakuhitaji kumjua mwanagenzi wala kumpa ruhusa. Kazi yake yote ilikuwa wazi.

Baadaye zilikuja programu zilizomwezesha mtu kutengeneza kurasa bila kuziona alama, kama FrontPage, ambayo Microsoft iliinunua mwezi wa Januari 1996. Zilirahisisha kazi ya wengi, lakini alama zilizotolewa na mashine zilikuwa nyingi na zenye kufungamana, hata aliyeufungua ukurasa kwa ndani hakuambulia somo. Hili ni la kuzingatiwa: urahisi wa kutenda na urahisi wa kujifunza si kitu kimoja.

4. Kiwanja cha kujenga

Ukurasa uliobaki katika kompyuta ya mwandishi haujatangazwa. Ili usomwe na wengine ni lazima faili yake ihamishiwe katika seva, kompyuta iliyo wazi kwa mtandao wakati wote. Kompyuta ya NeXT ya Berners-Lee, seva ya kwanza, ilibandikwa karatasi yenye onyo kwamba isizimwe. Swali la anayeanza lilikuwa: seva ya nani?

Jibu la kwanza lilitoka vyuo vikuu. Seva ya NCSA, iliyoandikwa na Rob McCool mwaka 1993, iliruhusu kila mwenye akaunti katika kompyuta ya chuo kuwa na sanduku moja la faili lililo wazi kwa ulimwengu; kwa hiyo anwani nyingi za miaka ile zilibeba alama ya wimbi ikifuatwa na jina la mwanafunzi au mwalimu. Jibu hilo liliwafaa walio vyuoni penye mitambo, si wengineo.

Jibu la pili lilikuwa GeoCities, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994 na David Bohnett na John Rezner. Ilitoa nafasi bila malipo na kuzipanga kurasa kama mji wenye mitaa. Wapenda elimu na falsafa walikaa Athens, wapenda filamu Hollywood, na kila ukurasa ulikuwa na namba kama ya nyumba. Watu wasiokuwa na chuo wala kampuni walijenga humo kurasa za familia, za wanamuziki, za historia ya vijiji vyao. Wengi wao walikuwa wanaandika kwa ajili ya umma kwa mara ya kwanza maishani.

Lakini kiwanja cha kupewa kina mwenyewe. Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo iliinunua GeoCities, na katika mwaka huo huo ikatoa masharti mapya yaliyoipa kampuni haki pana juu ya yale ambayo wakazi walikuwa wameandika. Wakazi walilalamika, wengine wakaondoa kurasa zao, na Yahoo ikalegeza masharti. Miaka kumi baadaye, mwezi wa Oktoba 2009, mji wote ulifungwa, isipokuwa tawi la Japani lililodumu hadi 2019. Sehemu kubwa ya kurasa iliokolewa na kundi la wahifadhi wa kujitolea liitwalo Archive Team na maktaba ya Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Waliochukua tahadhari ya kutunza nakala ya faili zao hawakupoteza kitu. Wasioichukua walijifunza kwamba kutangaza si sawa na kuhifadhi.

Wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuhamia mahali pengine. Facebook, iliyoanza mwaka 2004, haikumtaka mtu ajue alama yoyote: alijaza nafasi zilizokwisha kuchorwa. Walioandika waliongezeka kupita kiasi. Waliojua ukurasa unatengenezwa vipi walibaki wachache.

5. Kosa na kanuni

Sharti la tatu, la kusamehe makosa, halina budi kujadiliwa peke yake, maana ndilo lililozua mabishano. Tangu mwanzo, vivinjari vilizoea kuonyesha ukurasa hata kama mwandishi alisahau kufunga alama. Alama isiyojulikana ilirukwa, na maneno yaliyomo yakaonyeshwa. Anayeanza hakuadhibiwa, aliona matokeo, yenye kasoro pengine, akasahihisha.

Wataalamu walisikitikia vurugu iliyotokana na uvumilivu huo, kwani kila kampuni ya vivinjari ilisamehe kwa namna yake, tena ikabuni alama zake. W3C, shirika la kuweka vigezo lililoanzishwa na Berners-Lee mwaka 1994, lilitoa XHTML mwezi wa Januari 2000. Kwa kanuni zake kali, kosa moja la alama lingetosha kukizuia kivinjari kuonyesha ukurasa mzima. Katika matumizi halisi waandishi wengi waliendelea kuzipeleka kurasa zao kwa taratibu za zamani. Mwaka 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera waliunda kundi la WHATWG na kushika njia nyingine: badala ya kuyakataza makosa, waliandika kanuni za jinsi kila kivinjari kinavyopaswa kuyaelewa, ili kosa moja lizae tokeo moja kila mahali. Mwaka 2009 W3C lilitangaza kuiacha kazi ya XHTML 2, na mwezi wa Oktoba 2014 HTML5 ilikubaliwa rasmi.

Wachunguzi wa Kiswahili wataona hapa sura wanayoijua. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia tahajia na vitabu. Wakati huo huo Kiswahili cha Katanga kilikuwa kikikua sokoni na katika kambi za wafanyakazi wa migodi, ambamo upatanisho wa ngeli uliopungua haukuwazuia watu kuelewana. Usanifu una kazi yake, nayo ni kuwawezesha wa mbali kusomana. Lakini usanifu unaomnyamazisha anayekosea huua kile ulichokuja kukitunza. Historia ya HTML yaonyesha njia ya kati: kanuni imara kwa msomaji, uvumilivu kwa mwandishi.

6. Kiswahili katika kurasa

Kiswahili kiliingia katika kazi hii kikiwa na bahati moja ya tahajia. Kompyuta za awali zilijua vyema herufi za Kilatini zisizo na alama juu yake, na hizo ndizo Kiswahili kinazozihitaji. Hata ng' hutaka ritifaa tu. Aliyeandika Kifaransa kwa HTML ya zamani alifundishwa kuandika &eacute; ili kupata herufi moja yenye alama, na Kilingala chenye ɛ na ɔ kilisubiri hadi Unicode ienee. Mwandishi wa Kiswahili aliandika moja kwa moja.

Bahati hiyo ilitumiwa mapema. Mwishoni mwa mwaka 1994 Martin Benjamin, akiwa mwanafunzi wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Yale, alianzisha kamusi ya Kiswahili na Kiingereza mtandaoni, iliyokuzwa kwa michango ya watu wa nchi mbalimbali. Wikipedia ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003. Ilirithi mbinu ya wiki, iliyobuniwa na Ward Cunningham mwaka 1995, ambayo humruhusu msomaji kuhariri ukurasa ule ule anaousoma. Ndoto ya mwaka 1990 ilirudi kwa mlango mwingine.

Kwa Kongo, mfano ulio mzito zaidi ni hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu iliyowekwa mtandaoni na Johannes Fabian na Vincent de Rooij wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Humo yamo maandishi yanayojulikana kama Vocabulaire de la ville de Elisabethville, yaliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, mwaka mmoja kabla mji huo haujaitwa Lubumbashi. Ni historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili na watu waliowapikia na kuwafulia waliojiona wenye mji. Maneno yameunganishwa na kutenganishwa pasipo kanuni moja. Fabian alipoyatayarisha kwa kitabu kilichotoka mwaka 1990, ilimbidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti ndipo maana ijitokeze. Mwalimu wa insha angeyajaza wino mwekundu. Lakini kama yangesubiri sanifu kabla ya kuandikwa, yasingeandikwa.

Lugha ya alama yenyewe ina nafasi kwa jambo hilo. Tangu HTML 4.0 ya Desemba 1997, mwandishi aweza kutaja ukurasa wake umeandikwa kwa lugha gani. Msimbo wa Kiswahili kwa jumla ni sw. Kigezo cha kimataifa cha mwaka 2007, ISO 639-3, kiliongeza misimbo miwili chini yake: swh kwa Kiswahili cha pwani na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Anayeandika lang="swc" mwanzoni mwa ukurasa wake hasemi kwamba ameshindwa kuandika Kiswahili cha wengine; anaieleza mashine ni Kiswahili kipi anachokiandika.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba wavuti haikuwa ya wanaoanza kwa maumbile yake. Ilikuwa hivyo kwa sababu lugha yake ilikuwa nyepesi, chanzo chake kilionekana, mashine zake zilisamehe, na kiwanja kilipatikana. Masharti mawili ya kwanza bado yapo: alama za aya, orodha na kiungo za mwaka 1991 zingali zinaeleweka katika vivinjari vya leo, na amri ya kuonyesha chanzo haijafutwa katika vivinjari vya kompyuta, ingawa kurasa nyingi za makampuni hazisomeki tena kwa jicho la mwanagenzi. La tatu limeandikwa katika kanuni. La nne ndilo lililo dhaifu, maana viwanja vingi vina wenyewe, na wenyewe hufunga wapendapo.

Kwa idara inayofundisha Kiswahili, matokeo yako wazi. Kumfundisha mwanafunzi alama kumi za HTML hakuhitaji maabara kubwa: kompyuta moja, programu ya maandishi na kivinjari vyatosha, hata pasipo mtandao, kwa kuwa faili husomeka katika kompyuta hiyo hiyo. Masimulizi, methali na barua zilizokusanywa vijijini na mijini, ambazo leo zimo katika madaftari na kazi za mwisho wa masomo, zaweza kupangwa kwa njia hiyo, zikatunzwa kwa nakala zaidi ya moja, na kutangazwa siku kiwanja kitakapopatikana. Maandishi ya Elisabethville yalifika mtandaoni kwa mikono ya wageni, nao wanastahili shukrani. Hakuna sharti linalodai kwamba yatakayofuata yapitie huko huko.